Takia Nisilolishona Mimi

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipoishia: mume wangu kitandani, miguu haimtii, nami nimeshika barua ya hospitali ya mji wa pili. Ambaye hakusoma asijali. Nitampa kwa ufupi, maana siku hizi shida zangu nazisimulia kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya dukani.

Mume wangu ni dereva wa basi la masafa marefu. Miaka ishirini na miwili, barabara ileile, mji wetu hadi mji wa pili. Wenzake wanamwita Kobe kwa sababu hakimbizi gari, na abiria wenye haraka zao walikuwa wakimsonya. Hajawahi kupindua basi hata siku moja. Akaja kuanguka kutoka juu ya keria, akishusha kochi la abiria, basi limesimama na injini imezimwa.

Daktari wa hapa alisema kuna mshipa wa fahamu umebanwa kwenye uti wa mgongo. Bingwa wa kazi hiyo hufika mji wa pili mara mbili tu kwa mwaka. Barua ilisema Alhamisi, saa mbili asubuhi. Ijumaa bingwa anapanda ndege kwenda kwao.

"Na tusipomwona Alhamisi?" nilimuuliza daktari.

"Mama, mshipa hausubiri miezi sita."

Akanifundisha kumfinya mume wangu kidole gumba cha mguu wa kushoto kila asubuhi. Maadamu anasikia, alisema, tumaini lipo.

"Unasikia?" nikawa namuuliza.

"Nasikia," Kobe alinijibu, "ila ni kama mtu anabisha hodi nyumba ya jirani."

Hayo ndiyo ya nyuma. Ya leo ni ungamo. Mkishanisoma mtanitukana, na mkinitukana mtakuwa na haki.

Jumapili ile tulikaa chumbani kwetu kupima usafiri. Tulikuwa wanne: mimi, Kobe kitandani, dereva mwenza wake, na jirani yangu ambaye hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote na hajawahi kukosa kimoja.

Dereva mwenza ndiye aliyeanza. Amekaa na mume wangu basi moja miaka kumi na mmoja, huyu akishika usukani yule anasinzia.

"Shemeji, bosi ametoa siti yote ya nyuma, ile ya watu watano. Tunatandika godoro, mzee analala. Jumatano alfajiri tunatoka, saa saba mchana tuko mji wa kati, tunapumzika dakika arobaini, saa mbili usiku tumefika. Nitaendesha kama nimebeba mayai."

"Ambulansi je?" jirani aliuliza.

"Nimeulizia," nikasema. "Bei yake ukiisikia unalazwa wewe."

"Yale magari madogo ya watu saba?"

"Yale yanafika saa kumi jioni au hayafiki kabisa," Kobe alisema kutoka kitandani. "Na mtu anakaa magoti yako masikioni."

Jirani hakukata tamaa. "Basi lori! Yale ya kontena yana kitanda nyuma ya kiti cha dereva. Binamu yangu alisafiri humo, akalala usingizi mpaka akasahau kushuka."

Tulicheka wote. Kobe alicheka mpaka akajishika mbavu. "Nisafirishwe kama saruji, mimi? Wenzangu wakiniona watanitia kwenye hadithi mpaka kufa kwangu."

Kicheko kilipotulia, nikasema neno langu. "Treni."

Dereva mwenza akanitazama kama nimesema punda.

"Treni ina kitanda," nikaendelea. "Inaondoka Jumanne saa kumi na mbili jioni, inafika Jumatano saa mbili usiku. Inafika saa ileile na basi lenu. Tofauti ni kwamba analala chali usiku na mchana, na reli haina mashimo."

"Reli haina mashimo, ila ina mambo yake. Basi likiharibika, shemeji, nasimamisha jingine barabarani. Treni ikiharibika unasimamisha nini?"

"Mimi nataka basi," Kobe alisema. "Barabara ile naijua shimo kwa shimo. Hata nikifumba macho nitakuambia tumefika wapi."

Hapo nikatoa silaha yangu. Mimi ni fundi cherehani, lakini magauni siyashoni. Nashona makava ya viti vya mabasi. Kampuni ya mume wangu yote, ukikaa popote umekalia kazi yangu, na wananiita Mama Viti.

"Siti ya nyuma mimi ndiye ninayeivalisha," nikasema. "Iko juu ya tairi, inarusha. Kila mwezi narudishiwa makava yake yamechanika mshono kwa kurushwa abiria. Watu wenye mgongo mzima wanashuka wanalia. Huyu atashuka na nini?"

Nani abishane na Mama Viti juu ya kiti?

Na nilichosema kilikuwa kweli tupu. Ila hakikuwa sababu yangu.

Sababu yangu ilikuwa takia.

Miaka mitatu iliyopita nilipanda kwenye basi la mume wangu kupima viti, nikakuta kwenye kiti chake takia geni. "Limetoka wapi hili?" nikamuuliza. "Nimenunua njiani," akanijibu, haraka mno kwa mtu anayeitwa Kobe.

Nikaligeuza. Lilishonwa kwa mkono, mshono mdogo, uliokazwa mara mbili kwenye pembe. Upande wa kushoto lilikuwa nene zaidi kwa vidole viwili. Ndugu zangu, mume wangu nyonga yake ya kushoto iko chini kidogo kuliko ya kulia. Haionekani akivaa. Haionekani akitembea. Mimi naijua kwa sababu nimelala nayo miaka kumi na tisa.

Sokoni hawauzi takia lenye nyonga ya mtu.

Madereva wa masafa wana sifa zao, nanyi mnazijua. Nyumba huku, nyumba kule, na kanyumba katikati. Nikaanza kuchunguza simu yake. Nikaona namba inampigia kila wiki, ameiandika "Kati" tu, basi. Shati lake la kazi likapotea, nikaambiwa limeibwa kambani.

Sikumuuliza tena. Laiti ningemuuliza. Nilimeza, nikanyamaza, nikawa nashona kwa hasira mpaka sindano zinakatika. Mwaka jana uvumilivu ukaniishia. Nikalichukua lile takia, nikalitia mkasi vipande vipande, nikamwambia limeliwa na panya. Nikamshonea langu la maua, zuri sana, bapa kama ubao.

Alilitazama muda mrefu. "Ahsante, mke wangu," akasema, akalikalia.

Kwa hiyo siku ile ya kikao, wenzangu walikuwa wanapima saa na mashimo. Mimi nilikuwa napima dakika arobaini za mji wa kati. Nilimwona akilini yule mwanamke akipanda basini, akimlilia mume wangu mbele ya abiria arobaini, nami nimesimama pembeni na chupa ya maji kama mtumishi. Treni nayo inapita mji wa kati, lakini husimama dakika tano tu asubuhi, na hakuna anayeshuka.

Tukapanda treni.

Usiku ulikwenda salama. Kobe alilala chali kitanda cha chini, nami nikamshika mkono kutoka cha juu mpaka bega likafa ganzi. Asubuhi nikamfinya kidole.

"Unasikia?"

"Jirani wa nyumba ya tatu sasa," akasema, akitabasamu.

Saa tatu treni ikasimama. Nikachungulia dirishani nikaona kibao cha stesheni. Mji wa kati.

Dakika tano zikawa thelathini, thelathini zikawa saa nzima, saa zikawa tatu. Mhudumu wa behewa akapita.

"Kuna treni ya mizigo imeacha reli huko mbele, karibu na daraja," akasema. "Wanaishughulikia. Baada ya saa mbili au tatu tunaondoka."

Kobe akanigeukia. "Mke wangu, hao hawaondoki leo. Sikiliza. Stendi iko nyuma tu ya stesheni hii, hatua mia mbili. Basi letu litaingia saa saba. Nenda kamsubiri mwenzangu, aje na watu wanibebe. Siti ya nyuma bado ni yetu, bosi hakumpa mtu."

"Mhudumu kasema tunaondoka."

"Mhudumu kazi yake ni kusema. Nenda." Akanivuta mkono. "Halafu hapa kuna mtu nataka umwone. Nilipaswa kukuonyesha zamani."

"Mtu gani?"

"Ukimwona utanielewa. Utanikasirikia kwanza, halafu utanielewa."

Basi ndiyo hivyo, nikajisemea. Mtu akishapooza anakusanya wake zake.

Nikachukua mkoba. Simu yake ilikuwa humo, maana mimi ndiye niliyekuwa nampokelea salamu za pole. Nikaenda stendi.

Nilifika saa sita na nusu. Nikakaa kwa muuza chai, mama mmoja mchangamfu, nikajifanya mtu wa kupita.

"Dada, unamjua dereva mmoja wanamwita Kobe?"

"Kobe? Nani asiyemjua Kobe! Mpole yule. Nasikia kaanguka, maskini. Akishuka hapa haendi hotelini kama wenzake, anaingia pale." Akanyoosha kidole. "Mlango ule wa buluu. Miaka nenda miaka rudi."

Nikatazama. Nyumba ndogo, ua umefagiwa, mlango wa buluu. Na kwenye kamba limeanikwa shati la kampuni. Lile lililoibwa. Mfukoni nililitambua kiraka changu, nilikishona kwa uzi mwekundu kwa sababu wa buluu ulikuwa umeniishia.

Chai ikanimwagikia mapajani wala sikuisikia.

Saa saba kasoro basi likaingia. Basi letu, viti vyangu, honi ya mume wangu. Dereva mwenza akaruka chini kabla injini haijazimwa, akaangaza huku na huku. Alishajua treni imekwama, alikuwa anatutafuta. Alikuwa mbali nami hatua thelathini. Ningeinua mkono tu.

Nilisimama nyuma ya kibanda cha chai.

Simu ya Kobe ikalia mkobani. Dereva mwenza. Ikakatika, ikalia tena. Kisha jina likabadilika, ikaandika "Kati". Nikaushika mkoba kifuani ukinitetemekea kama mtoto mwenye homa. Niliogopa kusikia sauti yake. Miaka mitatu natafuta ushahidi, ushahidi unanipigia simu, naogopa kuupokea!

Nikaizima, na yangu pia nikaizima kabla hawajaipigia.

Msiniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilifikiri: treni itaondoka. Nilifikiri: yeyote, lakini si huyu, si leo, si mbele ya watu. Nikarudi stesheni nikipita nyuma ya maduka.

"Vipi?" Kobe aliniuliza. Alikuwa ameshavaa kofia yake ya safari, peke yake, amelala.

"Limeshapita," nikasema. "Lilifika mapema, limeondoka."

"Limeondoka bila kutupigia simu?"

"Simu zote mbili zimeisha chaji."

Akavua kofia, akaiweka tumboni. "Miaka kumi na mmoja nimekaa naye," akasema taratibu. "Angeshindwa kunisubiri robo saa?"

Nikakaa nikamkuna mgongo wa mkono, kama mke mwema.

Saa nane na dakika chache tukasikia honi. Ndefu moja, fupi mbili. Kobe aliifunga honi ile mwenyewe, aliitafuta miji mitatu. Sauti ikatoka stendi, ikazunguka, ikaenda ikipotea upande wa barabara kuu.

Alikuwa anatazama dari ya behewa.

"Honi zote zinafanana," nikasema, wala hakuna aliyeniuliza.

"Eeh," akasema. "Zinafanana."

Saa tisa mhudumu akarudi, safari hii bila kofia. "Ndugu abiria, tuvumiliane. Hatuondoki mpaka kesho mchana."

Behewa likalipuka. Watu wakarusha mizigo madirishani, wakakimbilia magari madogo. Nami nikatoka mbio, lakini nilipofika stendi hapakuwa na tairi. Watu mia nne walikuwa wameshapita kama nzige. Kila kilichokuwa na injini kilikuwa kimeondoka.

Nikarudi kumwona Kobe. Sikujua niseme nini, nikamfinya kidole gumba cha kushoto.

"Unasikia?"

Nikafinya tena, kwa kucha.

"Umeshaanza?" akaniuliza.

Nikatoka nje, nikashikilia ngazi ya behewa, nikalia kwa sauti mbele ya watu. Kisha nikajifuta. Nikasema kama nimeshapoteza kila kitu, basi huyo mwanamke leo atanitambua. Nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa buluu, sikupiga hodi, nikausukuma.

Ndani kulikuwa na mzee.

Amekaa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kupiga pedali kwa mikono, miguu yake miembamba imefungwa pamoja kwa mkanda. Mapajani ana sponji, mkononi sindano ya gunia. Ukutani, matakia. Kumi, kumi na tano, kila moja na umbo lake, nene huku, jembamba kule. Mshono mdogo, umekazwa mara mbili kwenye pembe.

"Karibu, mkwe," akasema. "Nimekupigia simu mpaka kidole kimechoka. Kijana wangu yuko wapi?"

Nilibaki mlangoni nimeshika kitasa.

"Wewe si Mama Viti? Amenionyesha picha zako mpaka nimezichoka. Mimi ndiye niliyemfundisha gari. Nilikuwa dereva wa basi hilohilo kabla yake, mpaka mgongo uliponimaliza. Niliuficha, nikaogopa kushushwa kazini. Mwisho wake ndio huu unaouona."

"Takia," nikasema.

"Takia, ndiyo! Alikuja hapa miaka mitatu iliyopita, mgongo unamwuma hawezi kushuka ngazi. Nikamwambia mwambie mkeo. Akasema, mke wangu anashonea kampuni, akijua yeye bosi atajua kesho yake, nami nina watoto bado wanasoma. Basi nikampima, shati lake nikabaki nalo liwe kipimo changu, nikamshonea la kumshikilia ile nyonga. Akakaa vizuri kabisa. Halafu mwaka jana akaja akaniambia limeliwa na panya." Akatikisa kichwa. "Sponji ile ngumu sikuipata tena. Tangu hapo mgongo ukawa unamkamata ghafla, anaganda kama msumari. Siku ile juu ya keria ulimkamata, ndipo akaanguka. Hakukwambia?"

Nilikaa chini, sakafuni, kati ya vipande vya sponji.

"Mkwe?"

Nikamwambia yote. Mkasi, panya, treni, kibanda cha chai, simu. Sikumpunguzia hata moja. Mzee alinisikiliza, sindano imesimama hewani.

"Mwenzake alisubiri saa nzima," akasema mwishowe. "Abiria walimtukana mpaka wakachoka. Akazunguka stendi yote akiuliza. Behewa lenu hakulijua, na lango la stesheni walishalifunga wasiingie wasio na tiketi. Alipoondoka alinirudishia hili." Akaonyesha kona.

Lilikuwa godoro refu jembamba, limekatwa kwa umbo la mgongo wa mtu. Nyonga ya kushoto nene kwa vidole viwili.

"Nililishona kwa ajili ya siti ya nyuma," akasema. "Ili isimrushe."

"Ungeniua tu, mzee wangu," nikasema.

"Ungeniuliza tu, mkwe wangu. Yeye angesema, wewe ungeuliza. Nyote wawili mnastahili bakora." Akaliweka lile takia alilokuwa akishona. "Lakini hayo ni ya kwenu. Kwanza miguu. Kidole vipi?"

"Leo mchana hakusikia."

Uso ukambadilika. Akachukua simu yake, akaongea na mtu maneno machache ya kidereva ambayo sikuyaelewa. Akakata.

"Kuna lori la kontena linapita hapa saa kumi na moja. Dereva wake nilimfundisha mimi. Lina kitanda nyuma ya kiti. Wanatembea taratibu, lakini hawalali njiani. Alfajiri atamweka mlangoni mwa hospitali."

Lori! Nikakumbuka tulivyocheka Jumapili ile.

"Ila kuna jambo," mzee akasema. "Mbele wanakaa dereva na utingo wake, hapabaki hata pa kuku. Nafasi ni moja tu. Ataondoka peke yake, wewe utafuata na treni kesho."

"Na aende," nikasema. "Aende tu."

Tukarudi stesheni, mzee akipiga pedali kwa mikono, mimi nimebeba godoro kichwani. Njiani nikamshika bega.

"Baba, nakuomba. Usimwambie kama basi lilisubiri. Si leo. Ataondoka na donda, naye yuko peke yake. Nitamwambia mwenyewe akishapona."

Aliendelea kupiga pedali. "Mimi na yeye hatujawahi kudanganyana. Ila asiponiuliza, sisemi."

Langoni sasa hapakuwa na mlinzi, tukapita. Kobe alipomwona mzee dirishani, alilia. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumwona mume wangu akilia. Walishikana mikono kupitia dirishani. Kisha akanigeukia mimi.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Umenikasirikia?"

"Hapana, baba watoto. Sina haki hiyo."

Wapakizi wanne wa stesheni wakamtoa na godoro lake, wakamvusha mpaka barabarani. Lori lilikuwa limeshafika, refu kama mtaa. Dereva akafungua mlango, akamsalimia kwa heshima kama anapokea chifu.

"Mzee Kobe, leo unaendeshwa."

"Saruji hiyo, pakieni," Kobe akasema, na wote wakacheka. Hata mimi nilicheka. Nikafikiri, Mungu amenipa siku moja zaidi.

Wakamlaza. Godoro likamkaa mgongoni kama limezaliwa naye. Nikapanda ngazi ya lori kumwekea barua ya hospitali mfukoni, nikamfunga vifungo vya shati. Hakuwa ameniuliza kitu. Mzee pale chini alikuwa anatazama pembeni.

"Haya, mke wangu," Kobe akasema. "Nipe simu yangu. Huko niendako nitahitaji kukupigia."

"Imeisha chaji," nikasema.

"Lete hivyohivyo. Dereva ana chaja."

Alinyoosha mkono. Nikafungua mkoba, nikaitafuta polepole, nikaigusa, nikaiacha, nikaigusa tena. Mkono wake haukushuka. Nikampa.

Hakumpa dereva. Aliigeuza mara moja, akabonyeza kitufe cha pembeni, akakishikilia kwa kidole gumba huku akinitazama usoni.

Simu ikawaka. Chaji ilikuwa karibu imejaa.

Ikaanza kulia, ujumbe baada ya ujumbe. Kobe akaisogeza karibu na macho, akausoma ule wa kwanza kwa sauti, taratibu, kwa namna anavyofanya kila kitu.

"'Kaka, niko stendi. Siondoki bila wewe.'" Akatazama saa iliyoandikwa chini yake. "Saa saba na dakika tano."

Dereva wa lori akawasha injini.